Miguu ya Njano

Kiganja cha mke wangu Nilda kilikuwa wazi nyuma ya mgongo wake, vidole vimetanuka, nami nikasimama. Katika chama chao cha watazama ndege hiyo ndiyo amri: ukiona mkono hivyo, hata chafya unaimeza. Matete yalinizidi kimo. Nilichoona ni shingo yake iliyoungua jua la Machi, kiangazi kikiwa ukingoni. Akakaa hivyo kwa muda wa kunywa kibuyu kimoja cha chai chungu. Mkono uliposhuka, aligeuka na uso ambao sikuwa nimeuona miaka mingi.

"Kipunda, mzee," akanong'ona. "Kipunda mweusi."

Ndivyo tunavyomwita. Ni ndege mdogo kama kifaranga, mweusi, mwenye vidoa vyeupe mbawani na jicho jekundu. Katika hifadhi yetu ya kando ya mto, kusini mwa Buenos Aires, hakuna aliyewahi kumwandika. Alijitokeza kwa kuwa ziwa lilikuwa limebaki tope. Wakubwa wa hifadhi walikuwa wamefunga mlango wa maji ya kutoka mtoni tangu Januari, wakasema ni ukame. Ukame gani, na mto uko mita mia mbili? Nyasi za mbele ya ofisi yao zilikuwa kijani.

Nilda alikuwa mshonaji. Jumamosi zake za miaka kumi na miwili ziliishia kwenye matete yale. Mimi ni mchomea vyuma, shule niliiacha darasa la nne. Kazi yangu ilikuwa kubeba chupa ya maji moto. Jirani yetu Lidia, aliyemwingiza chamani, alizoea kunitania kwamba ndege pekee ninayemjua ni kuku wa kuchoma, na hata huyo namtambua kwa paja.

Mchana tulikaa mezani na chama ili orodha ya ndege wa siku hiyo isomwe. Msomaji alikuwa Achával, mkuu wa chama, waliyemwita daktari. Wa nini, sijawahi kuelezwa. Ndege adimu alitaka fomu yake, na shahidi kama yupo. Achával akaisoma fomu ya Nilda, akatikisa kichwa kukubali, kalamu ikawa tayari juu ya orodha. Kisha, kwa adabu tu nadhani, akanigeukia.

"Na wewe, bwana Bruzzone, ulimwona?"

"Nilimwona vizuri."

"Miguu yake?"

Nikamtazama Nilda. Alikuwa anatazama meza.

"Ya njano," nikasema.

Hakuna aliyecheka, hata Lidia. Nilda alikuwa ameandika kwamba ndege alizama topeni hadi tumboni, na miguu haikuonekana kabisa. Achával akaikata fomu kwa mstari mmoja, bila hasira, akaomba apitishiwe chumvi.

Kituoni, tukingoja basi, Nilda alisema, "Ungesema hukumwona. Neno langu lingetosha." Hakulirudia tena. Mimi nilimtukana Achával njia nzima, nikawatukana na wa mlango wa maji, na kila aliyewahi kutunga fomu. Yeye alikuwa upande wa dirisha, anahesabu njiwa.

Agosti moyo wake ulisimama. Hospitali ilikuwa imempangia kuja Oktoba. Hao nao nawajua.

Machi iliyofuata Achával alikuja kuomba madaftari ya Nilda, yatunzwe chamani. Nilimkaribisha jikoni, nikamtilia chai kibuyuni. Sikutaka kumwambia, nikamwambia: siku ile sikuona kitu ila matete.

"Najua," akasema. "Nilijua palepale. Lakini mashahidi wakipishana, ndege anafutwa. Ndiyo kanuni."

"Kanuni aliitunga nani?"

Akakizungusha kibuyu mkononi. "Mimi."

Akatoa fomu mpya kwenye mkoba. Akasema nikiandika kwa mkono wangu mwenyewe, ataipeleka kwenye kamati, na ndege wa Nilda huenda akarudishwa. Kuandika si kazi yangu. Jina, anwani, vipimo vya chuma, basi. Nilikaa na kalamu mpaka maji yakapoa. *Sikumwona. Nilda alimwona. Miguu niliitunga mimi.*

Achával akasoma, akasoma tena. Akauliza kama ningependa kueleza kwa nini nilisema uongo.

Nikaiangalia ile karatasi, juu hadi chini. Nikamwambia fomu yake haina nafasi ya hilo.