Watu Wote, Pamoja na Baba

Kila asubuhi kabla ya chai, baba alivaa koti, akaketi mbele ya kompyuta na kuandika aya moja ya maisha yake. Alikuwa amefika mwaka wa 1952, bado anachunga mbuzi kule Ishiara, na mama alikuwa ameanza kuuliza ni lini yeye ataolewa humo. Jumamosi ile sikusikia vidole vyake. Nilimsikia akiuliza, kwa sauti ya chini, ni nani amemfungia mlango ndani ya nyumba yake.

Nilienda kuangalia. Kompyuta ilikuwa imeandika kwamba hana ruhusa. Nilimuuliza jana aligusa nini. Akanieleza kwa fahari kwamba watoto wa jirani wamezoea kuja kucheza karata kwenye kompyuta yake na kuchokora maandishi yake, kwa hiyo alifungua sehemu ya ruhusa, akachagua "Everyone", yaani watu wote, akawanyima.

"Na wewe, Baba?"

"Mimi ni mwenye nyumba."

Kwetu hilo halikuwa kosa. Baba akisema watu wote watoke sebuleni, yeye hainuki kitini. Lakini kompyuta haikulelewa kwetu. Ilimhesabu pamoja na watoto wa jirani.

Ningeweza kuitengeneza kabla chai haijapoa. Ila Jumatatu nilikuwa nahamia Kangeta kufundisha, na Gichovi, tuliyesoma naye chuoni, alikuwa bado hajasema neno. Alikuja kuazima disketi. Akaja kuirudisha. Akaja tena kuuliza kama ile aliyoirudisha inafanya kazi. Kila mara alikunywa chai, akasifu ng'ombe, akaenda zake. Habari ya Kangeta sikuwa nimemwambia, maana nilingoja aanze yeye, na mimi ni mtu wa kuangalia sakafu. Basi nikatikisa kichwa kwa huzuni, nikasema kazi kama hii inataka fundi, na kwamba Gichovi ana duka la kutengeneza kompyuta nyuma ya soko la Embu.

Baba akamfuata mwenyewe.

Gichovi alikuja na mfuko wa bisibisi, kana kwamba ruhusa hufungwa kwa skrubu. Akafungua mgongo wa kompyuta, akapuliza vumbi, akakohoa, akaufunga. Nilijua anajua. Somo hilo tulifanyia mtihani pamoja na alinishinda. Lakini kila alipofika penye ruhusa, alirudi nyuma haraka na kumwambia baba kwamba jambo hili lina mizizi. Mama alileta chai, akaleta nduma, mwisho akaketi kabisa. Alinitazama mimi, akamtazama fundi, akaziba mdomo kwa leso.

Baba akataka kujua itachukua muda gani. Gichovi akajibu kwamba mashine hii ni ya kuangaliwa polepole, Mzee, pengine arudi wiki ijayo, na ile inayofuata pia.

Wiki ijayo! Wiki ijayo mimi ningekuwa Kangeta, naye angekuwa hapa, anakunywa chai na baba na kupuliza vumbi.

Nikainuka, nikamwondolea kipanya mkononi. Kwa kuwa maandishi yalikuwa mali ya baba, kompyuta ilimzuia kuyasoma lakini bado ilimkubalia kubadilisha masharti. Nikafuta "Everyone", nikaweka jina la baba, nikaagiza ruhusa ishuke hadi kwenye kila ukurasa. Maandishi yakafunguka.

Gichovi akaanza kuhesabu bisibisi zake. Baba akavua miwani na kuuliza, bila ukali, kama nilijua hivi tangu asubuhi, fundi aliitwa wa nini.

Niliangalia sakafu. Haikunisaidia.

"Nilitaka Gichovi aje kabla sijahamia Kangeta Jumatatu," nikasema. "Si kwa ajili ya kompyuta, Baba. Ninampenda, na nilitaka wewe umwone kwa jicho hilo."