Mchezo wa Honi

Mama Anita alilisema jambo hilo siku ya kwanza, akiwa amesimama kwenye veranda na funguo za gari mkononi. Alikuwa anaajiri watu wawili. Mwanamume wa bustani, mwanamke wa nyumba, chumba kimoja nyuma ya tangi la maji.

"Wawili," alisema. "Sitaki nikuje kesho nipate mmekuwa watatu. Wale wa mwisho walinijazia ukoo mzima hapo nyuma."

Mwololo aliitikia kwa kichwa. Kanyiva, mkewe, aliinama akatazama vidole vyake vya miguu. Mtoto wao Kisilu alikuwa kule Mwingi kwa nyanya yake, bado wa kunyonya, na maziwa yalikuwa yamemlowesha Kanyiva kifuani chini ya sweta.

Kabla mwaka haujaisha, nyanya alipooza upande mmoja. Kanyiva aliomba ruhusa, akaenda, akarudi kwa mwajiri wao, Lavington, mchana, mwenye nyumba akiwa kazini, na mtoto mgongoni chini ya leso. "Ni kwa siku chache," alimwambia mumewe. Wakati huo Kisilu alikuwa anatambaa. Sasa alikuwa amefika miaka miwili na nusu, na zile siku chache hazikuwa zimekwisha.

Huwezi kumficha mtoto kwa kumfungia tu. Mwololo alilijua hilo mapema, na njia aliyoipata aliionea fahari. Mchana, Mama Anita na mumewe Kihara wakiwa kazini na binti yao Anita akiwa shuleni, Kisilu alikuwa huru. Alimfuata babake katikati ya sukuma wiki na maua, akachimba udongo kwa kijiti, akalala kivulini. Lakini honi ya gari ikilia langoni, mchezo ulianza. Kisilu alikimbia chumbani, akaingia chini ya kitanda hadi ukutani, akalala kifudifudi, kimya. Akiitwa, haitiki. Hata akiitwa na babake, haitiki, kwa maana mtu yeyote anaweza kuita. Alitoka tu akisikia kijiko kikigonga mguu wa kitanda mara tatu. Akitoka, hufungua mdomo, na ndani ya kile kijiko kuna sukari.

Alijifunza upesi kuliko mbwa, na Mwololo alijivunia hilo waziwazi.

Mtu wa tatu aliyelijua jambo hilo alikuwa mlinzi wa lango, Athman, mtu mzima kutoka Malindi. Honi ikilia, Athman alikawia makusudi na makomeo ya lango, akikohoa na kutafuta miwani, mpaka aone kisigino cha mtoto kimetoweka nyuma ya tangi.

"Bwana Mwololo," alimwambia siku moja, "nimeona watu wakificha bangi katikati ya mahindi. Mtoto ndiyo mara ya kwanza."

"Bangi ni kosa. Mtoto wangu si kosa."

"Sasa mbona anaishi kama bangi?"

Mwololo aliendelea kukata ua. "Wewe na binti yako Laila mnaonana mara ngapi kwa mwaka?"

Athman alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Umenipiga pabaya," alisema. "Lakini Laila akinipigia simu, huniziba masikio kwa kelele. Wako nimemsikia lini?"

Swali hilo ndilo lililokuwa likimkosesha Kanyiva usingizi. Kisilu hakusema. Akitaka maji alishika kikombe. Akianguka alikunja uso, akaziba mdomo kwa kiganja, akangoja maumivu yapite. Hata mchana, hata wakiwa watatu peke yao, alinong'ona maneno mawili au matatu, kisha akageuka kutazama lango.

"Twende tumwambie Mama Anita," Kanyiva alisema. "Mimi nitaongea. Wewe simama tu nyuma yangu."

"Tumwambie nini? Tuombe ruhusa ya kuzaa?"

"Tuombe mtoto alie."

"Siombi," Mwololo alisema. "Kwa jirani kuna mbwa wanne. Wanabweka usiku kucha na hakuna anayewauliza ni wangapi. Mimi nikaombe wangu ahesabiwe? Mwakani ataanza nasari, tutatafuta chumba Kangemi. Atapiga kelele huko mpaka achoke."

"Na kama atakuwa amesahau jinsi ya kupiga?"

"Mtoto wa nyumba kubwa analia akinyimwa biskuti. Wangu ana nidhamu. Huoni?"

Kanyiva aliona.

Siku ya kuzaliwa ya Anita iliangukia Jumamosi ya mwezi wa saba, Nairobi ikiwa na baridi ya kuingia mifupani. Hema lilisimamishwa, viti vikapangwa, na kwa kuwa njia ya ndani haikutosha magari, sehemu ya nyasi karibu na ua iligeuzwa maegesho. Mama Anita aliikanyaga ile nyasi kwa kiatu cha kisigino, kikazama.

"Mwololo, umemwagilia hapa leo? Leo?"

"Asubuhi, mama. Kama kila siku."

"Na wageni wataweka magari kwa matope? Kichwa yako hufikiria nini?"

Kichwa chake kilikuwa kikifikiria mlango wa chumba cha nyuma. Walikuwa wamemfungia Kisilu tangu asubuhi, na redio ikilia ndani kwa sauti ya chini, na kipande cha mkate, na kopo la kukojolea.

Mchana watoto wa wageni walianza kucheza brikicho. Mmoja aliegemea nguzo ya hema, akafumba macho akihesabu kwa sauti, na wengine walitawanyika uwanja mzima wakicheka, wakaingia chini ya meza, nyuma ya maua, ndani ya mapipa. Walipopatikana walipiga yowe la furaha. Mwololo, akibeba kreti za soda, alisimama kuwatazama. Hawa walijificha ili wapatikane.

Akaona wawili wakielekea nyuma, upande wa tangi. Aliweka kreti chini akawafuata bila haraka. "Huku hapana," aliwaambia. "Kuna nyuki." Walirudi mbio. Alipogeuka aliona mlango wa chumba chao uko wazi kidogo, upana wa mkono. Kanyiva alikuwa ameitwa jikoni kwa haraka, akasahau komeo.

Mwololo hakuchungulia ndani. Wala hakuita, kwa maana kuita hakukuwa sehemu ya mchezo. Aliuvuta mlango polepole usilie, akasukuma komeo la nje, akarudi kwenye kreti zake akiwa ameridhika. Kama asingekuwa macho, wale watoto wangemgundua.

Jioni ilipokaribia, mawingu yalishuka na wageni wakaanza kuaga. Magari yalikuwa yameziba njia, kwa hiyo kila aliyetaka kutoka alipiga honi ili mwenzake asogee. Honi moja, nyingine, nyingine. Athman alikuwa langoni akipunga mikono.

Kanyiva alitoka jikoni na kipande cha keki chini ya aproni, akaenda nyuma. Mwololo alimwona. Halafu alimwona akirudi. Hakuwa anakimbia, maana mfanyakazi hakimbii mbele ya wageni, lakini uso wake ulikuwa umepoteza rangi.

"Hayuko," alisema.

"Umegonga?"

"Nimegonga. Nimeingia mwenyewe chini ya kitanda. Hayuko."

"Mlango ulikuwa umefungwa. Mimi mwenyewe nilifunga..." Mwololo alisikia maneno yake yakitoka, akayaelewa.

Mtoto alikuwa ametoka kabla. Alisikia kicheko, akatoka kutazama watoto wenzake. Kisha honi ya kwanza ikalia. Akakimbilia kitanda chake akakuta mlango una komeo, na komeo liko juu kuliko mkono wake. Na honi haikuacha kulia. Kisilu alijua jambo moja tu la kufanya honi ikilia: kuingia chini ya kitu, hadi mwisho, kimya.

Mwololo aliyatazama magari kwenye nyasi. Kila moja lilikuwa na uvungu, mfupi na wenye giza, kama wa kitanda.

Gari la kijivu lilikuwa tayari limeanza kurudi nyuma. Mwololo alikimbia katikati ya wageni, akaangusha kiti, akaipiga boneti kwa viganja vyote viwili. "Zima. Zima gari. Msiwashe gari lolote."

Dereva alikuwa Ken, ndugu yake Mama Anita. Alitoa kichwa dirishani. "Wewe, toka kwa gari yangu. Umekunywa?"

"Kuna mtoto chini."

Akina mama walianza kuita majina ya watoto wao, na kila jina likaitika. Wote walikuwa pale, wakiwa na baluni mikononi.

"Mtoto wa nani?" Ken aliuliza.

Bustani nzima ilikuwa imegeuka kumtazama. Mama Anita alikuwa amesimama kando ya hema na kisu cha keki. Mwololo alikuwa ameingojea siku ya kulisema neno hilo akiwa Kangemi, mbele ya mlango wake mwenyewe, kifua mbele. Alilisema akiwa amepiga magoti kwenye matope.

"Wangu."

"Mwololo hana mtoto," Mama Anita alisema, kama mtu anayemrekebisha mgeni.

Mwololo aliita. "Kisilu. Kisilu, toka, baba." Hakuna kilichosikika.

"Si unaona?" Ken alisema. "Kungekuwa na mtoto hapa chini, si angelia? Hiyo gari imesonga tayari."

Kanyiva ndiye aliyesukuma watu, akapiga magoti karibu na mumewe. Kijiko kilikuwa bado mkononi. Akagonga chuma cha gurudumu. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

Kitu kilisogea kwenye giza la nyuma. Kikatokea kichwa, kisha mabega yaliyojaa matope. Kisilu alijivuta kwa viwiko, kiganja kimoja kikiwa kimeziba mdomo, na mguu wake wa kushoto ukamfuata kama kitu kisicho chake. Gurudumu lilikuwa limepita juu ya mguu huo. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi ambayo hayakuwa na sauti. Alipomfikia mamake aliondoa kiganja na kufungua mdomo, akingoja sukari.

Mwanamke mmoja nyuma yao alisema polepole, "Kwani ni bubu?"



Mama Anita aliufunga ule mguu kwa kitambaa cha meza. Kihara, ambaye siku nzima alikuwa amecheka na wageni, aliendesha gari hadi hospitali. Huko daktari alisema mifupa ya mbele imevunjika na vidole viwili havitapona, lakini ardhi ilikuwa laini. Ardhi ngumu ingeusaga mguu wote.

Walikuwa wameketi kwenye benchi la hospitali Mama Anita alipouliza, bila kumtazama mtu, "Amekuwa kwangu tangu lini?"

"Tangu kabla hajatembea," Kanyiva alisema.

"Na mimi niko hapo ndani? Kila siku?"

"Kila siku, mama."

"Mngeniambia."

"Ulisema wawili," Mwololo alisema.

"Nilisema. Lakini mngeniambia."

"Tungekwambia ungefanya nini?"

Kwa jibu lake Mwololo alimheshimu kidogo, kwa sababu hakudanganya. "Sijui," alisema.

Wiki iliyofuata aliwaita kwenye veranda ileile. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema hawezi. Kila akipiga honi langoni anamwona yule mtoto. Heri watafute mahali pengine. Mwololo alikuwa na maneno mengi ya moto aliyoyapanga usiku, kuhusu mbwa wa jirani, kuhusu wawili na watatu. Badala yake alikwenda nyuma akaanza kufunga godoro. Athman aliwasaidia kubeba godoro hadi barabarani.

"Huko muendako," Athman alisema, "mfundisheni matusi. Aanzie hapo."

Huko kulikuwa Ngara, chumba kimoja juu ya duka la jumla la vyombo vya plastiki. Hapakuwa na mwenye nyumba wa kuhesabu watu. Ngazini watoto walilia mchana kutwa, wakapigana, wakaitana kwa majina mabaya, na hakuna aliyetoa kichwa kuuliza. Hicho ndicho walichokuwa wakikitaka. Lakini chini ya dirisha palikuwa na barabara. Malori ya mzigo yalisimama hapo tangu alfajiri, matatu zikabanana nyuma yake, na kila dereva wa Ngara huamini kwamba honi ndiyo inayosukuma gari.

Kisilu aliingia chini ya kitanda siku waliyofika.

Kanyiva alimlisha hukohuko. Alimbadilisha bandeji hukohuko, akiwa amelala ubavu na mshumaa. Akigonga kwa kijiko mtoto alitoka, akala sukari, honi ikalia, akarudi. Mwishowe Kanyiva alikitupa kile kijiko jalalani. Baada ya hapo hakukuwa na kitu cha kumtoa.

Jumapili moja asubuhi, Kanyiva akiwa ameenda kanisani, Mwololo alivua shati akaingia chini ya kitanda. Alijibana mpaka uso wake ukawa karibu na uso wa mwanawe. Kulinuka vumbi na dawa ya kidonda.

"Kisilu," alisema. "Mchezo umekwisha. Hapa ni kwetu. Unaweza kupiga kelele."

Mtoto alimtazama.

"Lia, baba. Mguu unauma? Lia basi. Hivi."

Akavuta pumzi, akapiga ukelele. Ulijaza ule uvungu, ukagonga ukuta, ukarudi. Mtu wa chumba cha pili aligonga ukuta na kutukana. Mwololo alipiga wa pili, mkubwa zaidi, akimtazama mwanawe midomoni, akingoja hata mnong'ono.

Chini barabarani lori lilipiga honi.

Kisilu aliruka akasogea mbele, mguu mbovu ukiburuta, na kwa upesi wa mtu anayemwokoa mwenzake akaweka kiganja chake kidogo juu ya mdomo wa babake. Akakikandamiza kwa nguvu zake zote. Macho yake yalikuwa kwenye mlango.

Mwololo akanyamaza.