Wimbo wa Kuvunja Matuta

Sheshe alikuwa mtunzi. Wilaya nzima ya Lushoto iliimba nyimbo zake mashuleni na mikutanoni, na hakuna mgeni wa serikali aliyepanda milima ile asipokewe kwa maneno yaliyotoka kichwani mwake. Lakini kufikia mwaka 1972 maneno yalikuwa yamemchosha. Jioni, baada ya kazi, alipenda kuwa mahali pasipodai vina wala mizani: bustanini kwake, katika mteremko ulio nyuma ya nyumba.

Alianza kwa mzaha, kwa mche mmoja wa kabichi kando ya jiko. Mwaka wa tatu alikuwa na karoti, figiri na maharage. Mbolea ya gunia hakununua. Alichimba shimo, akatia maganda ya ndizi, majivu na samadi ya mbuzi wa mkewe, Secilia, akafukia na kungoja. Udongo uliotoka shimoni humo, mweusi na laini, aliupenda kuliko ubeti wowote aliowahi kuuandika.

Kisha mvua za vuli zikanyesha siku tatu mfululizo. Siku ya nne Sheshe alikuta mawe matupu pale palipokuwa na karoti. Udongo wake wote ulikuwa umeteremka hadi shamba la Mama Zipora, mjane aliyekaa chini yao. Huko tope lilikuwa limefukia tuta lake la juu kabisa, pamoja na miche yote ya kabichi. Tuta la pili, lililoshikwa na majani ya guatemala, lilikuwa limelizuia tope lisiendelee.

"Bustani yako imehamia kwa Mama Zipora," Secilia alisema. "Imefuata mahali penye adabu."

"Usinicheke."

"Sikucheki. Nenda ukamwombe mbegu ya yale majani. Masika ikikukuta hivi, utakuja kulima paa la nyumba."

Juma zima Sheshe alizunguka mlango wa uani kama mtu aliyesahau alichokifuata.

Serikali ya kikoloni, ilipokaribia kuondoka, ilikuwa imeamuru kila mteremko upigwe matuta, na asiyepiga alitozwa faini. Watu waliyachukia matuta hayo kwa haki, maana walilimishwa kwa kutishwa. Uhuru ulipokaribia, Sheshe, wakati huo kijana mwenye sauti kali, alitunga wimbo wa kuyavunja. Majembe yaliinuka na kushuka kwa mapigo yake. Mama Zipora peke yake aliyaacha yake, akisema kwamba hakumpigia Mzungu, alijipigia mwenyewe. Ndipo Sheshe akaongeza ubeti:

*Zipora mke wa bwana shamba,*
*mgongo wako wapindia matuta.*

Ubeti huo ndio uliochekesha kuliko yote, na ndio uliompatia Sheshe kazi ya kuitungia wilaya nyimbo. Kwa miaka mingi Mama Zipora alichota maji saa sita mchana, wakati hakuna mtu kisimani. Sheshe alilijua hilo. Alilijua tangu mwanzo.

Siku ya nane aliteremka. Alimkuta Mama Zipora ameinama, anazoa tope kwa mikono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefuata udongo wako?"

"Nimekuja kuomba radhi kwa miche iliyofukiwa."

"Wewe una jambo jingine. Anayeomba radhi haji na panga."

Sheshe aliliona panga mkononi mwake, akatamani kulificha. Akasema alichotaka: majani ya guatemala, machache tu, ya kupandia matuta.

"Matuta," mama alirudia, bila haraka. "Ubeti wangu unaukumbuka?"

"Naukumbuka."

"Useme. Usiimbe."

Akausema. Bila ngoma wala vigelegele, maneno yalitoka makavu na madogo, na alipofika penye mgongo alishindwa kumtazama, kwa sababu sasa mgongo ule ulikuwa umepinda kweli.

"Mama, nitakutungia wimbo mwingine," alisema kwa haraka. "Wa kukusifu. Nitaupeleka mashuleni, uimbwe."

"Usinitungie kitu. Ulichonitungia kimenitosha." Mama alijipangusa tope viganjani. "Majani kata unayotaka. Lakini kwanza fukua hili tuta langu, ulirudishe lilivyokuwa. Yako yatafuata."

Sheshe akavua viatu, akapokea jembe.

Ilikuwa siku ya gulio. Wanawake walipita njia ya juu na matenga ya mboga kichwani, na mmoja wao akasimama.

"Jamani, si mtunzi yule? Anampigia nani matuta?"

Wakacheka. Mmoja akauanza wimbo, wengine wakaudaka. Walipofika kwenye ule ubeti waliondoa jina la Zipora, wakatia la Sheshe. Jina lilipunguka mizani moja. Wakalivuta, *Sheeeshe mke wa bwana shamba*, nalo likakaa sawasawa, kana kwamba nafasi hiyo ilikuwa yake tangu siku alipoutunga. Masikio yakamuwaka moto. Akamgeukia Mama Zipora akitumaini kuona japo tabasamu la kulipiza.

Mama hakuwa akisikiliza. Alikuwa amechuchumaa mwisho wa tuta, jicho moja amelifumba, analipima.

"Limeinama upande wa mtoni," alisema. "Maji yatatoroka hapo. Rudia."

Sheshe akainama, akarudia.