Aliyeitwa ni Bi Ersilia

Wito wa kwenda kupimwa matiti ulikuja kwa jina la Bi Ersilia, na Domnica ndiye aliyemsomea.

"Bado wananitaka," Bi Ersilia alisema. "Titi lenyewe limelala kama soksi. Sijui watapiga picha ya nini."

"Wakikuita nenda. Wengine hawaitwi."

Domnica alilisema hilo kama mzaha, akaendelea kumfunga viatu. Alitoka kwao Rumania baada ya mumewe kufariki na mwanawe Costel kuhamia Uingereza. Sasa aliishi Ferrara, Italia, nyumbani kwa bibi huyu, akimwogesha, akimpikia, akilala chumba cha pili mlango wazi ili amsikie akiita. Ruggero, mtoto wa pekee wa Bi Ersilia, alimlipa mkononi. Mkataba haukuwapo, na bila mkataba hakuweza kujiandikisha mjini. Kila alipouliza aliambiwa asubiri sikukuu zipite, na sikukuu hazikwisha.

Tangu Pasaka alikuwa na kitu kwenye titi la kushoto, kigumu kama punje ya mbaazi. Alikigundua akioga. Hakumwambia mtu. Wanawake wa kwao aliokutana nao bustanini Jumapili kila mmoja alikuwa na mzigo wake, na Costel akipiga simu alikuwa na haraka siku zote.

Kliniki ilikuwa karibu, akamsukuma bibi kwenye kiti cha magurudumu mpaka ndani. Mpiga picha alikuwa mwanamke wa makamo, mpole. Alipomaliza na Bi Ersilia, akamgeukia Domnica aliyekuwa akifunga vifungo vya blauzi ya bibi.

"Na wewe, mama, mara ya mwisho ulipimwa lini?"

"Sijawahi."

"Una umri gani?"

"Hamsini na nne."

"Basi ulipaswa kuwa umeshaitwa." Akaandika jina lake kwenye kompyuta, akatikisa kichwa. "Jina lako halimo humu. Hujajiandikisha hapa mjini?"

Domnica alimtazama Bi Ersilia. Bi Ersilia aliyatazama magoti yake mwenyewe.

"Bado," Domnica alisema.

"Jiandikishe, tutakuita wenyewe. Au kuna kitu unakihisi sasa hivi?"

Mashine ilikuwa hapo hapo, hatua chache tu. Lakini akilini akamwona Ruggero akitafuta mtunzaji mwingine, mzima, na yeye na begi lake barabarani.

"Hapana," akajibu. "Niko salama."

 Walipofika nyumbani Bi Ersilia hakukubali kuvuliwa koti.

"Umemdanganya yule mama."

"Nimemdanganya nini?"

"Wewe hujawahi kunijibu mimi haraka namna ile. Kiko wapi?"

Domnica alichuchumaa mbele ya kiti. Kisha akauchukua mkono wa bibi, akauweka pale pale. Vidole vya kizee vilitafuta, vikatulia.

"Hiki?"

"Hicho hicho."

Ruggero alipokuja kula Jumapili, mama yake hakugusa kijiko. "Mwandikishe huyu," alisema.

"Mama, tule kwanza."

"Utakula ukishaniambia lini."

Ruggero alizungumzia kodi, akazungumzia ofisi zinavyosumbua. Baadaye akamfuata Domnica jikoni, akasimama karibu na sinki. "Kwa nini usiende kwenu, dada? Kule una haki zako. Ukipona utarudi." Alisema kwa upole kabisa. Domnica aliendelea kuosha sufuria.

Aliondoka Novemba. Bi Ersilia hakumuaga. Aliomba ageuziwe kiti kielekee dirishani, akakaa hivyo mpaka mlango ukafungwa.

Kijijini kwake, daktari alimtafuta Domnica kwenye orodha ya wagonjwa wake, hakumpata.

"Tulikufuta, dada. Tulijua umehama moja kwa moja."

"Kule simo, na huku simo. Sasa mimi ni wa wapi?"

"Hilo usiniulize mimi," daktari alisema, bila ukali. "Hata ungekuwepo, huku hatuiti watu wazima wasioumwa. Anayeumwa huja mwenyewe."

Picha akapigwa kwa akiba yake, mjini. Kutoka hapo wakampeleka hospitali kubwa ya jiji la Iași, wakaondoa titi zima. Daktari wa upasuaji alimweleza kwamba angekuja mapema pengine wangetoa uvimbe peke yake. Hakumlaumu, alikuwa amechoka tu. Domnica aliitikia kwa kichwa kana kwamba wanazungumza juu ya mtu mwingine.

Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa na binti aliyekuja kila siku na supu, akimlisha mama yake huku wakigombana kwa furaha. Domnica alijifunza kugeukia ukutani saa za wageni. Costel alipiga simu, akaahidi kuja Krismasi akipata ruhusa. Hakupata.

Matibabu yaliendelea majira yote ya baridi, na mwishoni madaktari wakamwambia ugonjwa umetulia, arudi kila baada ya miezi michache. Akarudi kwenye nyumba yake, theluji imefika dirishani. Mkono wa kushoto haukuinuka vizuri, akabeba kuni kipande kimoja kimoja mpaka jiko likawaka. Alikuwa akisonga ugali wa mahindi wa kwao simu ilipolia.

"Ile shali yangu ya kijivu uliiweka wapi?" Bi Ersilia aliuliza, bila salamu.

"Droo ya chini, kushoto."

"Huyu msichana aliyeletwa na Ruggero hajui kutafuta." Kisha akashusha sauti. "Wamekufanya nini huko?"

"Wamelikata."

Bi Ersilia alihema.

"Majibu yangu mimi yalikuja safi," bibi alisema, kwa sauti ya mtu anayeona aibu. "Ngoja, analeta chakula."

Aliiweka simu mezani bila kuikata. Domnica akasikia kijiko kikigonga sahani, kiti kikivutwa, na Bi Ersilia akimwambia msichana kwamba supu haina chumvi. Msichana akaomba radhi kwa lafudhi ya kwao Domnica. Ugali ulianza kushika chini. Domnica akauepua kwa mkono wa kulia, akakaa, simu sikioni, akiwasikiliza wanakula.