Paka wa Soko la Koboko

Kina mama wauzao samaki wakavu Koboko walikuwa na wimbo wao wa doluka, ngoma ya wanawake wa Kinubi. Wimbo ulisema: paka amewekwa alinde samaki. Kila jioni anasema wameoza, kisha anaondoka nao kwapani. Kila mtu alimjua paka, na hakuna aliyemtaja. Alionzi, msimamizi wa soko, aliupigia makofi arusini pamoja na wengine, na tangu siku hiyo mkono wake ukawa mfupi kidogo. Doluka humpiga mtu na kumwachia mlango wa kutokea.

Shamim, mpwa wa mmoja wa kina mama hao, alikua akiyaona hayo. Lakini alipoitwa kusoma uchambuzi wake wa wimbo huo chuoni Arua, nadharia ilimlevya. Fasihi ya wanyonge, alisema, ivuliwe mafumbo ndipo ipiganie haki. Akamvua paka: akataja soko, akataja cheo. Ukumbi ulisimama kumpigia makofi, yeye ambaye hata kuomba chumvi kwa jirani huona haya. Mtu alimrekodi kwa simu, na Koboko ikasikia.

Alionzi hakuweza tena kucheka. Akawafukuza sokoni wauza samaki wote.

Shamim alimkuta shangazi yake, Kulusum, kando ya barabara, samaki wametandazwa kwenye turubai, malori yakiwatimulia vumbi.

“Karibu, profesa!” mwanamke mmoja alimpokea. “Umetupigania! Angalia, sasa tuko na duka kubwa, haina hata ukuta!”

Wakacheka. Shangazi alimsogezea sahani tu.

“Kula, mtoto yangu. Safari iko mrefu.”

Kesho yake Shamim alikwenda ofisini kwa Alionzi, kina mama nyuma yake.

“Mzee, paka si wewe. Wimbo ni wa zamani. Ile maana niliitunga mwenyewe, nipate sifa.”

Alionzi alielekeza kidole kwenye simu ya Shamim. “Arua walisikia ile ya kwanza. Wasikie na hii. Pigia mwalimu yako, weka sauti juu.”

Mwalimu Victoria alipokea kwa furaha. “Shamim! Tunataka kuuchapa uchambuzi wako!”

“Mwalimu, msiuchape. Nilidanganya. Wimbo haumhusu mtu yeyote.”

“Nami nilikuamini,” Victoria akasema, akakata simu.

Alionzi alijinyoosha kitini. “Paka! Mimi hata samaki sili, inanichoma tumbo!”

Kina mama wakaangua kicheko mlangoni, wakamshika mabega, wakamwita baba yao. Shamim naye akacheka, masikio yakimwaka moto.

“Haya, rudini sokoni. Mnaziba barabara.”

Shangazi alimtwika beseni la samaki, akatangulia. Shamim akafuata, mikono yote miwili imeshika beseni, machozi yakimshuka bila mkono wa kuyafuta. Arua wangemkumbuka kwa uongo pekee aliowahi kuwaambia, ule wa kwenye simu, na kuukana ni kuwatoa mama zake sokoni tena.