Povu la Saa Kumi

Kifuniko kiliruka kwanza, maziwa yakafuata. Nusu lita nzima ilipiga mlango wa friji, ikapiga kalenda ukutani, na iliyobaki ikazama kwenye taulo ambalo binti yangu alikuwa ameizungushia ile chupa ya jemu aliyokuwa akiitikisa. Bila lile taulo, siku hiyo tungeishia hospitali.

"Umeungua?"

"Hapana."

"Nionyeshe mikono."

Alinionyesha. Mizima.

"Haya, futa ukuta tuanze upya. Saa sita na nusu hii."

Huyu ni kitinda mimba wangu. Ana miaka ishirini na miwili, na nyumbani tunamwita Kishindo, maana tangu ajue kutembea hajawahi kufunga mlango majirani wasijue. Anahudumia meza kwenye mkahawa mmoja mjini: sinia, kitambaa, ufagio, dekio. Miaka miwili ameitazama mashine ya kahawa kwa mbali, kama mtu anayetazama harusi ya watu dirishani. Wiki hiyo mtengenezaji kahawa wao alihama, na nafasi yake ikabaki kugombewa na wawili, yeye na mwenzake wa zamu ya jioni.

Bosi wao, mama mmoja asiyetoa meno ovyo, alikuwa amefunga mkahawa Jumapili ile na Jumatatu yake upakwe rangi. Akawaambia wote wawili: "Nitapita nyumbani kwenu. Nataka latte ya viungo ambayo haipo kwenye menyu yangu, kwa vyombo vya jikoni kwenu. Anayeweza kwa sufuria, mashine haitamshinda." Kwa mwenzake angepita saa nane. Kwetu, saa kumi.

Kwa hiyo tulikuwa na saa tatu na nusu, lita moja na nusu ya maziwa, na ukuta mchafu.

Tulianza na shira. Kishindo alipima kikombe cha sukari ya kahawia na kikombe cha maji, akatia kijiti cha mdalasini, iliki sita zilizopondwa, kipande cha tangawizi na karafuu. Ilipochemka nyumba nzima ilinukia hadi baba yake akaacha friji ya mteja aliyokuwa anaitengeneza uani, akaja na bisibisi mkononi.

"Mmenichokoza," alisema. "Leteni nionje."

Akaonja. Akakunja uso.

"Vipi?"

"Ulimi umekufa ganzi upande mmoja."

Mama mkwe wangu, aliyekuwa ameketi kwenye kiti chake pembeni ya jiko akisimamia kazi ambayo hakuna aliyemwomba aisimamie, alinyoosha mkono akapewa kijiko. Alilamba kidogo tu, akamgeukia mjukuu wake.

"Mke mwenza, umetia karafuu ngapi?"

"Tano, Bibi."

"Tano! Unapika kahawa au unatibu jino?"

Kishindo alicheka hadi akashika meza. Mimi sikucheka, nilikuwa natazama saa. Shira ile tuliimwaga.

"Karafuu moja," alisema Bibi. "Moja inatosha kusalimia. Na hizo iliki na mdalasini zipashe kwanza kwenye sufuria kavu, zikianza kunukia ndipo utie maji. Kiungo kibichi hakisemi kitu."

Nina stashahada ya maabara na nimefanya kazi hospitali miaka kumi na tisa. Napenda kubishana na mama mkwe wangu, na mara nyingi mimi ndiye ninayekuwa sahihi. Kwa shira yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Ya pili ilitoka nyekundu-kahawia, nzito, tamu bila kukera, na ile karafuu moja ilikuja mwisho kabisa, baada ya kumeza, kama mgeni mwenye adabu. Baba watoto alilamba kijiko, akakigeuza, akalamba mgongo wake.

"Hapo sasa," alisema. "Hapo mmesema."

Kahawa yenyewe haikutusumbua. Vijiko vinne vya unga kwa kikombe kimoja cha maji, moto mdogo, kisha kuchuja kwa kitambaa safi. Nyeusi, kali, ya kumwamsha mlinzi. Shida ilikuwa povu.

Bila povu, alinieleza Kishindo, hiyo si latte, ni kahawa ya maziwa kama ya kila nyumba. Povu linatakiwa liwe laini, lenye kung'aa, bila matundu. Kazini linatoka kwenye bomba la mvuke. Nyumbani ni chupa ya jemu: unatia maziwa ya moto nusu, unafunga, unatikisa.

Tulipasha nusu lita ya pili. Safari hii tuliacha mvuke utoke kidogo kabla ya kufunga, na hakuna kilicholipuka. Lakini tulipofungua, mapovu yalikuwa makubwa kama ya sabuni, yakapasuka moja moja mbele ya macho yetu. Tulipohesabu kumi, yalikuwa yamekwisha.

"Hayajachemka vizuri," nilisema. "Chemsha zaidi."

Akachukua nusu lita nyingine, akaichemsha zaidi. Yakawa mabaya zaidi, na juu kukawa na utando.

"Zaidi," nikasema tena, kwa ujasiri wa mtu asiyejua anachosema.

Nieleze hapa jambo la nyumba yetu. Kwetu maziwa hayaingii mdomoni kabla hayajapanda mara tatu hadi ukingo wa sufuria. Ni sheria ya Bibi, na ilikuwapo kabla yangu. Nilipoolewa niliipokea pamoja na funguo. Ndiyo maana mtu wa nyumba hii akisema "pasha maziwa," sote tunaelewa "chemsha hadi yatishie kumwagika." Maziwa ya uvuguvugu kwetu ni maziwa ya mgonjwa.

Saa tisa kasoro dakika tano simu ya Kishindo ililia. Aliisoma, akaiweka mezani kifudifudi.

"Ni nini?"

"Mwenzangu. Anasema Madam ameondoka kwake sasa hivi. Amemaliza kikombe chote. Na mwenzangu ameazima kile kipigio cha betri cha kutoa povu kwa dada yake."

Alikuwa na uso ambao sikuwa nimeuona tangu matokeo ya mtihani. Nikajua kwamba akishindwa leo hatalia. Atarudi kwenye dekio Jumanne, na hataitazama tena ile mashine. Hilo ndilo lililonitisha.

Nikaenda chumbani, nikarudi na kipimajoto cha maabara.

Bibi alikitazama. "Hicho kijiti kimetoka kwapani mwa nani?"

"Ni kipya, Mama. Cha kioo, kipo kwenye boksi lake."

"Mh."

Nilikitumbukiza kwenye sufuria. Tisini na nane. Nikasimama pale na kipimajoto mkononi nikajiona mjinga, mjinga mwenye cheti. Kila siku kazini naonya wanafunzi wasipashe sampuli kupita kiasi, protini zitaharibika. Povu la maziwa ni nini? Ni protini zinazoshikilia hewa. Na mimi saa nzima nimesimama namwambia mtoto, zaidi, zaidi.

"Tumeyaua!" nilipiga kelele. "Tumeyaua wenyewe! Yanatakiwa sitini, labda sitini na tano, siyo zaidi!"

"Hayajapanda mara tatu siyanywi," alisema Bibi. "Na mgeni wangu hayanywi."

"Mama, yatapanda. Yatapanda mara tatu, mbele yako. Kisha yatapoa upesi hadi yawe baridi kabisa, yasikae motoni yakaharibika. Kisha tutayapasha upya, kidogo tu."

Alifikiri. "Yakishapanda, mengine ni mambo yenu."

Ilibaki nusu lita ya mwisho. Tuliipandisha mara tatu, Bibi akihesabu kwa sauti. Baba watoto alikimbia uani, akarudi na beseni la barafu aliyoikwangua kwenye ile friji ya mteja. "Sasa hivi inagandisha kupita kiasi," alisema, "ndiyo ugonjwa wake." Tukaweka sufuria juu ya barafu, tukapuliza, tukapepea kwa kifuniko, watu wanne wazima tumeinama juu ya maziwa kama tunayaombea.

Saa tisa na nusu yalikuwa baridi. Tulitoa kidogo tu kwa majaribio, robo ya chupa. Mimi nikashika kipimajoto, Kishindo akashika sufuria.

"Arobaini," nilisoma. "Hamsini. Hamsini na tano. Polepole. Sitini! Toa!"

Alitoa, lakini kabla ya kumimina aliweka kiganja ubavuni mwa sufuria, akakiondoa, akakirudisha. Kisha akamimina, akafunga, akatikisa. Chaka-chaka-chaka, nywele zikiruka, bangili zikigongana. Akafungua.

Povu lilikuwa limepanda hadi shingoni mwa chupa. Jeupe, zito, laini kama krimu ya kunyolea. Tulihesabu kumi. Tulihesabu ishirini. Halikutikisika.

Kishindo alipiga yowe. Baba yake akapiga yowe. Na mimi, sitasema uongo, nilimkumbatia mama mkwe wangu, kitu ambacho sijakifanya tangu harusi.

"Niache," alisema Bibi. "Unanibana."

Mlango ukagongwa. Saa kumi kasoro dakika kumi. Yule mama hachelewi, tena anawahi.

Aliingia na mkoba wake mweusi, akamwamkia Bibi kwa heshima, akamsalimia baba watoto, akatazama jiko letu: sufuria, barafu, kitambaa cha kahawa, ukuta.

"Mmefanya kazi," alisema.

"Tumefanya," nilijibu. "Karibu uketi. Tunaanza."

"Mama," alisema, akitabasamu kidogo, "na mimi ni mama, kwa hiyo nakuelewa. Naomba ukae sebuleni. Na hicho kipimajoto uende nacho. Kazini kwangu hakuna."

Nilifungua mdomo. Baba watoto akanishika kiwiko, akanitoa, na Bibi akatufuata.

Tulikaa sebuleni watatu kwenye kochi moja. Nilisikia jiko likiwashwa, na maziwa ya mwisho yakimiminwa. Nilianza kukokotoa kichwani: moto ule, kiasi kile, dakika mbili na nusu, labda tatu. Ikapita moja. Ikapita mbili. Nikainuka.

"Kaa," alisema Bibi.

Nikakaa. Zikapita tatu. Atayachemsha, nikawaza. Mkono wake umezoea kuchemsha, ameyazoea yapande. Toa, mwanangu. Toa sasa!

Sufuria ikagonga meza. Kisha chaka-chaka-chaka, na bangili. Chupa ikafunguliwa. Ikagongwa mezani mara moja, ko, kupasua mapovu makubwa. Kimya kirefu cha kumimina.

"Umejuaje kwamba yamefika?" ilikuwa sauti ya bosi.

"Kiganja, Madam. Nikihesabu tatu na mkono bado upo, hayajafika. Nikifika mbili na mkono unaniomba ruhusa, yamefika. Nisipofika hata moja, yameharibika, namwaga."

"Kwa nini yaharibike?"

"Yakiwa moto kupita hapo hayawezi kushika hewa. Leo nimeyaua lita nzima ndipo nikajua."

Nilisikia mnywo mmoja. Kisha mwingine. Kisha kicheko, na hakikuwa cha binti yangu.

Bosi alitoka jikoni kikombe mkononi, povu kwenye mdomo wa juu, akasimama katikati ya sebule yetu akanywa hadi chini. Kishindo alikuja nyuma yake, kitambaa begani, mikono imekazana.

"Hii shira umepika wewe, Mama?"

"Amepika mwenyewe. Bibi yake amepunguza karafuu."

"Basi sikilizeni. Mwenzake kanipa kahawa nzuri, sina neno nayo. Lakini nilipomuuliza kwa nini povu linasimama, alinionyesha kipigio." Akamgeukia Kishindo. "Mashine huharibika, binti. Namtaka anayejua kwa nini. Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, uje mlango wa nyuma. Na huyo mwenzako utamfundisha, jioni ni yake."

Kishindo hakupiga yowe. Alisema, "Ndiyo, Madam," kwa sauti ya mtu mzima kabisa, kisha akarudi jikoni, na tukamsikia akirukaruka huko kama sakafu inawaka moto.

Nilimsindikiza bosi hadi barabarani kwa mwendo wa heshima, tukazungumza habari za mvua na rangi ya kuta. Kurudi, nilikimbia.