Ndovu wa Jikoni, Tausi wa Bafuni

Nilikuwa nimemshika mungu wa watu miguu, kichwa chini, kama kuku wa kupelekwa sokoni, na wala sikujua. Mkono wa pili ulikuwa na kitambaa cha kufutia vumbi. Mama Nilesh alikuwa ameketi kwenye kiti katikati ya sebule, makasha yamemzunguka pande zote, akaniuliza nimetoa nini. Nikamwambia nimetoa mwanamume wa shaba, mwembamba, amepitisha mguu mmoja mbele ya mwingine, na anapuliza kitu kama filimbi.

"Umeshika yeye wapi?"

"Miguuni, Mama."

"Aiyo! Geuza yeye juu! Haraka!"

Nikamgeuza upesi, hata nusura nimwangushe. Nilitaka kuomba radhi, ila sikujua niiombe kwa nani, kwa mama au kwa yule bwana wa filimbi.

Mimi ni mtu wa Kanisa la Marafiki, mzaliwa wa Chavakali. Kanisani kwetu hamna picha wala sanamu. Hata msalaba ukutani huuoni. Ni mabenchi, madirisha na nyimbo, basi. Nilikuwa nimefika miaka arobaini na tatu bila kumfuta vumbi mungu wa mtu yeyote, na sasa nilikuwa Texas, katika mji wa Missouri City, nimeajiriwa kumtunza mjane wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu kwenye duka la vitambaa. Kiswahili chake kilikuwa kilekile cha nyuma ya kaunta, kifupi, cha kuamrisha, na siku ya kwanza niliyokisikia nililia jikoni kwa furaha, maana wiki nzima sikuwa nimeamrishwa na mtu kwa lugha ninayoipenda.

Kimbunga Harvey kilikuwa kimeijaza nyumba yake maji hadi magotini. Mafundi wakaja wakakata kuta, wakahamisha mlango wa bafu, wakabomoa ukuta uliotenga sebule na jiko. Walipomaliza, Aprili ya mwaka uliofuata, nyumba ilikuwa nzuri ajabu na mwenyewe hakuijua. Macho yake yalikuwa yameharibika katikati. Akikutazama usoni hakuoni; akitazama kando ya kichwa chako anaona sikio. Nyumba ya zamani aliitembea kwa mazoea ya miaka ishirini na tano. Hii mpya ilimpoteza. Asubuhi moja nilimkuta ndani ya kabati la mashuka, ameketi juu ya mito, ananiita kwa sauti ya chini ili nisidhani anaomba msaada.

"Mimi si kipofu," aliniambia nilipomtoa. "Mimi napotea tu."

Mwanawe, Nilesh, aliishi Plano, upande wa Dallas, mwendo wa saa nne kwa gari. Alipiga simu kila jioni. Alikuwa amekwisha kusema kwamba mama akishindwa kujitembeza mwenyewe, nyumba itauzwa na yeye atahamia Plano, kwenye chumba cha juu, mwisho wa ngazi. Angekuja kujionea Jumapili ya mwisho ya Mei. Mama Nilesh hakumwambia habari ya macho. Alimwambia miwani inamsumbua.

"Nikienda huko nitakuwa mgeni mpaka nakufa," alisema. "Hapa mume yangu amekufa. Hapa mimi pia nakufa. Wewe fungua kasha."

Hapo ndipo nilipoielewa kazi yenyewe. Sanamu zile hazikutolewa ili kupendezesha vyumba. Kila chumba kingewekewa sanamu yake mlangoni, kwa kimo cha mkono, naye angezipapasa apitapo, ajue yuko wapi. Mpango mzuri kabisa, ila ulikuwa na sharti moja lililonitoa jasho: miungu isitumike. Mungu hashikwi na mkono ambao haujaoshwa, hakai nyuma ya mlango, hakai karibu na bafu, hawekwi mahali ambapo mtu akilala atamnyooshea miguu. Miungu ingekaa kwenye kijumba chake cha maombi, upande wa mashariki. Mapambo tu ndiyo yangesimama milangoni. Na wa kutenganisha miungu na mapambo alikuwa nani? Mimi, binti wa Marafiki.

"Huyu ana mkonga," nikasema, nikiinua mwingine. "Ni ndovu."

"Weka jikoni... Ngoja. Mwili yake namna gani?"

"Mwili wa mtu. Ana kitambi."

"Hiyo mungu!"

"Na huyu mwingine? Ana mkonga, ana miguu minne."

"Hiyo ndovu."

"Kwa hiyo ndovu mwenye mwili wa mtu ni mungu, na ndovu mwenye mwili wa ndovu ni ndovu."

"Ndiyo. Umejua sasa."

"Na mtu mwenye mwili wa mtu?"

Akafikiri. "Hiyo inategemea."

Ee Mwenyezi! Tulikaa siku tatu katika kutegemea huko. Mwanamke anayecheza ngoma ni pambo, lakini mwanamke aliyesimama juu ya ua ni mungu. Farasi wa udongo ni pambo. Kichwa kikubwa chenye macho yaliyofumbwa, alichonunua Komal, mke wa Nilesh, ni pambo kwa sababu Komal alikinunua kwenye duka la mapazia. Ila nacho kisiende bafuni. Nilipouliza kwa nini, Mama akanijibu kwamba adabu ni adabu.

Nikakosea, bila shaka. Nilimpanga ndovu wa kweli kwenye kijumba cha maombi na yule wa kitambi nikamsimamisha mlangoni pa bafu. Mama Nilesh akapapasa, akafika kwenye kitambi, akasimama palepale kama aliyeguswa na umeme. Niliogopa atanifukuza. Badala yake akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akakoma kucheka, akanawa, akakaa na mungu wake nusu saa akimwambia maneno ya taratibu. Sikuelewa neno, ila sauti nilielewa. Mama yangu alikuwa akiomba hivyo hivyo, kama mtu anayemweleza jirani.

Jambo hilo lilinivuruga. Nilimpigia simu Kerubo, rafiki yangu, muuguzi anayekaa Alief, nikamweleza.

"Truphosa, unapanga sanamu za watu?" akasema. "Amri ya pili umeisahau?"

"Sizisujudii. Nazifuta vumbi."

"Huanza hivyo hivyo."

Nilicheka, lakini usiku ule sikupata usingizi mzuri, kwa maana asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimemgonga tausi wa shaba kwa kiwiko nikamwambia pole. Pole! Nilimwambia kwa moyo wote. Na si hilo tu lililonisumbua. Sisi Marafiki hatuapi. Tumefunzwa kwamba ndiyo ya mtu iwe ndiyo, na hapana yake iwe hapana. Lakini Nilesh alipoomba nipewe simu, akaniuliza mama anaendeleaje, nilimjibu kwamba anatembea vizuri. Ilikuwa kweli, maana alitembea vizuri. Nusu ya pili nilikuwa naimeza kila jioni. Sikujua tena dhambi yangu ilikuwa ipi, kuzishika zile sanamu au kusema zile nusu.

Jumapili ikafika. Nyumba ilinukia bizari na ubani. Ndovu alisimama penye kona ya jikoni, mchezaji ngoma mlangoni pa chumba cha kulala, farasi mwanzo wa korido, na tausi kwenye kistuli mkono wa kushoto, hatua moja kabla ya bafu. Tausi ndiye niliyemjali kuliko wote, kwa sababu mlango uliofuata baada ya bafu ulikuwa wa gereji, na nyuma yake kuna ngazi tatu za saruji.

Mama Nilesh alimpokea mwanawe na Komal mlangoni, amevaa sari ya kijani, akawaongoza hadi mezani bila kusita. Alipakua wali mwenyewe. Nilesh, bwana mpole mwenye mvi kabla ya wakati, alimtazama akizunguka, na mabega yake yakaanza kushuka kwa raha. Mimi nilishukuru kimoyomoyo, na sikusema nilikuwa namshukuru nani.

Baada ya chakula niliosha vyombo. Nilesh akatoka na simu yake kwenye korido. Mama Nilesh akainuka, akasema anakwenda kunawa. Nikageuka kuchukua kitambaa, na hapo nikamwona tausi. Alikuwa sebuleni, kando ya televisheni, aking'aa. Komal alikuwa ameketi pembeni yake, ana furaha.

"Amependeza sana hapa," alisema kwa Kiingereza. "Nani alimficha kule kizani?"

Nilimnyakua tausi kwa mikono yenye povu nikakimbia. Mama alikuwa amempita farasi. Mkono wake wa kushoto uliteleza ukutani, polepole, unatafuta. Nilimpita Nilesh bila kumwomba radhi, nikajibana ukutani, nikamweka tausi kwenye kistuli chake, nikabaki nimeinama pale bila kupumua. Vidole vya mama vikafika. Vikagusa kilemba cha tausi, vikashuka shingoni, na yeye akageuka kushoto, akaingia bafuni, akafunga mlango.

Nilipoinua uso, Nilesh alikuwa ameishusha simu.

"Haoni," alisema.

Ningeweza kusema kitu. Miwani, mwanga hafifu wa korido, neno lolote lingefaa, na nyumba ingebaki ya mwenyewe. Nilimpenda yule mama. Nataka hili lieleweke. Lakini mdomo wangu ulikuwa umechoka na nusu.

"Pembeni anaona kidogo," nikasema. "Katikati, hapana. Tangu kabla ya Krismasi."

"Na mimi ulikuwa ukiniambia nini kila jioni?"

"Kwamba anatembea vizuri."

Alimtazama tausi, na povu lililokuwa likimchuruzika mbawani. Mlango wa bafu ukafunguka. Mama Nilesh akatoka, akamgusa tausi, na akisikia pumzi yangu akaniuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, uso wake ukiwa hatua moja tu kutoka kifua cha mwanawe:

"Ameona kitu?"

Nilesh alikuwa ameondoka Kisumu akiwa na miaka tisa. Kiswahili kingi alikuwa amekisahau, ila hayo aliyaelewa. Alifumba macho, akasimama bila kutikisika.

"Yuko mbele yako, Mama," nikasema. "Ameona. Na mimi nimesema."

Mkono wa Mama ulikuwa bado kwenye shingo ya tausi. Nilitamani anitukane.

"Kanisa yako hii!" akasema hatimaye. Sikujua kama ni laana au ni utani, na hadi leo sijui.

Kisha akanyoosha mgongo, akaivuta sari yake begani. "Nilesh," akasema, "kuja. Mimi naonyesha wewe nyumba yangu."

Akatangulia. Mwanawe akamfuata, nami nyuma yao. Akamgusa farasi, akasema hapa korido inaanza. Akamgusa mchezaji ngoma, akasema hapa nalala, hapa baba yako alikuwa analala. Kila alipogusa alitamka, bila kukosea hata mara moja, na Nilesh aliitikia. Wakaelekea jikoni. Hapo nikashtuka, kwa sababu Komal alikuwa amesimama katikati ya sebule akiwa amempakata ndovu, hajui amrudishe wapi, macho yamemtoka. Kona ya jikoni ilikuwa tupu.

Mama Nilesh akanyoosha mkono. Nilesh akauona ukienda mahali pasipo kitu. Akapiga hatua moja, akauweka mkono wake mwenyewe pale, kwa kimo kilekile, na vidole vya mama yake vikatua juu ya kifundo chake.

Vikapapasa. Vikaikuta saa.

"Hii si ndovu," alisema.

"Si ndovu, Mama," akajibu Nilesh kwa Kiswahili, na hakuuondoa mkono.